SOMO: Kuonja divai nyeupe ya Italia iliyolowekwa na maganda

"Mkuu, divai nyeupe yangu ina rangi ya chai, imeoza?" Swali hili halikauki, basi jibu likae hapa. Haijaoza. Juisi ya zabibu nyeupe kwa kawaida hutengwa na maganda mapema. Hii imechachuka nayo kwa siku, wiki, hata miezi. Ninayoifuata hapa ni ya zabibu nyeupe aina ya Ribolla Gialla, kutoka Oslavia, karibu na mji wa Gorizia, Italia, mpakani na Slovenia.

1. Simamisha chupa tangu jana yake, mashapo yatulie.

2. Joto. Hapa ndipo chupa nzuri zinapoharibiwa. Ikinywewa ikiwa ya friji, baridi inafunga harufu na kukuza ukakasi wa tanini, dutu itokayo kwenye maganda. Ulimi unakauka kama umetafuna ndizi mbichi, kisha divai inasingiziwa. Lenga nyuzi 13 hadi 15, na pima kwa kipimajoto cha jikoni, usikisie. Ikizidi 18, kilevi kinapanda puani. Itumbukize chupa kwenye maji ya barafu dakika chache. USITIE barafu ndani ya glasi!

3. Mimina kwenye jagi la kioo, iache nusu saa. Glasi iwe pana.

4. Nusa, zungusha, nusa tena: aprikoti kavu, asali, ganda la chungwa.

5. Piga funda dogo, lifike kwenye ufizi. Ukimeza, subiri sekunde 20 kabla ya kusifu. Kuna kasoro yenye harufu ya panya ambayo pua haiipati glasini. Hutokea mate yakishapunguza uchachu.

Swali: Nimetia barafu, naona uchungu tu.
Jibu: Hatua ya 2.

Swali: Ina ukungu. Niichuje?
Jibu: Hapana, nyingi hutiwa chupani bila kuchujwa. Hofia harufu kali ya siki au asetoni.

Swali: Mkuu, rangi inatoka kwenye mitungi ya udongo?
Jibu: Umeuliza vizuri. Gravner, mtengenezaji divai wa Oslavia, alianza na mavuno ya 2001 kutumia mitungi ya udongo ya nchi ya Jojia (Georgia), inayofukiwa ardhini na kupakwa nta ya nyuki ndani. Jirani yake Radikon huchachusha kwenye mbao, na divai yake ni ya rangi ya kaharabu vilevile. Kwa hiyo ni maganda, pamoja na hewa kidogo. Tafuta pia divai ya zabibu aina ya Pinot Grigio ya mtindo wa ramato, yaani iliyolowekwa na maganda: ganda lake lina uwekundu, hivyo divai hutoka na rangi ya shaba.

Swali: Na chakula?
Jibu: Huko Friuli, mkoa wa Italia ulipo Oslavia, kuna frico, jibini ya Montasio iliyokaangwa na viazi. Ukakasi unakata mafuta. Kwa Pwani, jaribu pweza wa nazi, pilipili iwe kidogo.

Swali: Ikibaki?
Jibu: Ziba, weka friji. Kesho yake mara nyingi inanukia zaidi. Ukiitoa, rudi hatua ya 2.