Somo: Kuchonga kidaka (shimo la ukutani lisilotoboka) cha dirisha kwenye ukuta mnene, kwa SketchUp, programu ya kuchora majengo kwa kompyuta

Assalaam alaykum. Swali ni lile lile: "Nimeweka dirisha, nje linaonekana, ndani ukuta mtupu, kwa nini?" Nimechoka kulijibu. Somo hili hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Mfano wetu ni nyumba ya Mji Mkongwe: ukuta wa mawe na chokaa, unene sentimita 50, na kidaka upande wa ndani kinachoshuka mpaka sakafuni.

1. Vipimo viwe sentimita.
2. Chora ukuta, uinue, uchague wote, ufanye kundi (group), ushikane kama kitu kimoja.
3. Bofya mara mbili uingie ndani ya kundi.
4. Uso wa ndani: bonyeza R (zana ya mstatili), chora 120 kwa 210 kuanzia chini. Kisha P (zana ya kusukuma na kuvuta), sukuma 35.
5. Hapa tulia. Nyuma ya kidaka zimebaki sentimita 15. Chora hapo dirisha, 90 kwa 120, kisha P. Usikisie kwa jicho: peleka kishale mpaka kinase uso wa nje wa ukuta, ndipo ubofye. Tundu litafunguka lenyewe. Ukiishia 14.9 umeacha ngozi ya milimita moja, na kwa ndani utaona kidaka kimeziba. Ukipitiliza, kisanduku kitatokeza uchochoroni. Wala usitegemee dirisha la maktaba, lililochorwa tayari, likukatie ukuta. Linakata uso mmoja tu, ule ulioligandisha. Ukuta mnene una nyuso mbili. Swali lenu lote limekwisha hapo.
6. Toka kwenye kundi, lichague, tazama paneli ya taarifa. Lazima iandike "Solid Group", yaani umbo limefungika bila mwanya, na ujazo uwe umepungua mita za ujazo 1.044.
7. Sasa ndiyo uweke fremu.

Kijana_Chwaka: Mbona haifanyi?

Jibu: Haifanyi nini? Hatua ya ngapi?

Kijana_Chwaka: Dirisha nje lipo, ndani halipo.

Jibu: Hatua ya 5. Isome, usiipitie.

Bint_Shangani: Shikamoo maalim. Nyumba tunayopima kuta hazilingani, chini 58, ghorofani 51. Nichukue wastani?

Jibu: Marahaba, bi. Usichukue. Kila ghorofa ipe kundi lake. Unene upime penye uwazi wa dirisha, kingo zote mbili, juu na chini, maana lipu inaficha mengi. Ukikuta ile sehemu nyembamba ya nje ni 15 kote, tofauti ibebwe na kidaka: chini sukuma 43, juu 36. Na picha ya kila dirisha uwe nayo kabla hujaondoka, kurudi kupima kitu kimoja ni usumbufu.

Fundi_Wete: Nikikata mchoro wa mkato ukuta unatoka mtupu kama debe.

Jibu: Una toleo gani? Kuanzia la 2018 kuna kujaza mkato, liko kwenye mipangilio ya mitindo. Lakini halijazi umbo lenye mwanya, kwa hiyo pitia tena hatua ya 6.

Fundi_Wete: La 2017. Basi ndiyo maana. Na boriti za dari?

Jibu: Chora moja, bonyeza G iwe kijenzi (component), nakili. Ukirekebisha moja zote zinafuata. Usizichore ndani ya kundi la ukuta, zitagandana nao.

Kijana_Chwaka: Imefanya! Sasa nataka vidaka vidogo vya kuwekea vitu, pembeni ya dirisha.

Jibu: R, P, 20. Usitoboe.