Jinsi ya Kusoma Habari za Kesi Dhidi ya Kampuni za Sigara

Kichwa cha habari ya kesi dhidi ya kampuni ya sigara kikitaja fidia ya mabilioni, uliza kwanza ni nani aliyeamuru fedha hizo na kama rufaa bado ipo. Oktoba 2002, baraza la wazee wa mahakama (raia wa kawaida wanaoamua kesi) mjini Los Angeles liliamuru kampuni ya sigara ya Philip Morris imlipe Betty Bullock, aliyekuwa anaugua saratani ya mapafu, dola bilioni 28 za adhabu. Kabla ya mwaka huo kwisha, jaji alikuwa amezipunguza hadi milioni 28. Aliyesoma habari ya Oktoba pekee angeweza kudhani mahakama za Marekani zimerukwa na akili.

Neno "imefutwa" nalo lisomwe kwa uangalifu uleule. Dola bilioni 145 zilizoamriwa mjini Miami mwaka 2000 katika kesi ya Engle, iliyofunguliwa kwa niaba ya wavutaji wa jimbo la Florida, zilifutwa na Mahakama ya Juu ya Florida mwaka 2006, lakini mahakama hiyohiyo iliacha maamuzi muhimu ya wazee wa mahakama yasimame, ukiwemo uamuzi kwamba kampuni zilificha madhara ya sigara, na wavutaji wakaruhusiwa kuyatumia katika kesi zao binafsi.

Kisha mtambue mdai. Makubaliano ya mwaka 1998, ya zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25, yalikuwa kati ya kampuni kubwa za sigara na majimbo 46 ya Marekani yaliyodai gharama za kutibu wagonjwa. Hayakuwa malipo kwa wavutaji.

Jambo gumu zaidi ni hisia zako mwenyewe, kwa sababu wengi wetu husema haraka kwamba mvutaji amejitakia. Hata mwaka 1988, katika kesi ya Rose Cipollone huko New Jersey, wazee wa mahakama walimbebesha marehemu asilimia 80 ya lawama, ingawa waliamuru mumewe alipwe dola 400,000. Kwa hiyo angalia kama habari unayoisoma inaeleza kampuni ilijua nini na iliwaambia nini wateja; ikieleza tabia ya mgonjwa peke yake, imekupa upande mmoja wa kesi.

Mwisho, chunguza hali ya chombo cha habari chenyewe. Philip Morris iliishtaki televisheni ya Marekani ABC mwaka 1994 kwa habari yake kuhusu sigara, ikidai dola bilioni 10, na mwaka uliofuata kituo hicho kiliomba radhi hewani. Miezi michache baadaye televisheni nyingine, CBS, ikiogopa kushtakiwa, ilizuia mahojiano na Jeffrey Wigand, mtafiti wa zamani wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson. Televisheni ikinyamaza hivyo, tafuta kumbukumbu za mahakama: ushahidi ambao Wigand aliutoa kwa kiapo katika kesi ya jimbo la Mississippi ulichapishwa na gazeti la Wall Street Journal Januari 1996, siku kadhaa kabla CBS haijarusha mahojiano hayo kwa ukamilifu.