SOMO: Kupima hewa ya ndani kwenye nyumba ya zamani (nimeanza na ya bibi, Ngamiani)

Wakuu habari za wikiendi. Hili somo niliahidi tangu masika nikawa naliahirisha, leo mvua imenifungia ndani wacha niliandike.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu bibi, iko Ngamiani hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida tu, baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, unatokea uani kwenye jiko na choo. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Miaka ya karibuni tukaipiga ukarabati, jipsamu juu, madirisha ya alumini, na yale matundu ya hewa juu ya madirisha fundi akayaziba yote eti yanaingiza mbu na vumbi. Ikapendeza kweli, watu wakawa wanapiga picha. Sasa mpangaji wa chumba cha mwisho kule karibu na uani akaanza kulalamika kila akiamka kichwa kinagonga, akifika kazini mpaka saa nne kimeisha, akirudi akilala kesho yake tena. Tukasema malaria, akapima hana. Tukasema presha, akapima hana. Hapo ndo nikaanza kutafuta vipimo vya hewa.

Kabla sijaenda mbali, maana najua kuna watu watakimbilia dukani: namba ya ndani peke yake haikwambii kitu. Pima ndani, pima na nje, halafu pima nyumba ikiwa kwenye maisha yake ya kila siku, sio umeshafagia na kufungua madirisha yote kama mtu anayesubiri wakwe.

HATUA YA KWANZA, pua na daftari. Hii haina gharama. Toka nje kaa kama nusu saa kisha ingia moja kwa moja chumbani unuse, kwa sababu pua ikikaa ndani inazoea, unaweza ukaishi na harufu ya ukungu miaka mitano hujui. Vuta kabati, angalia nyuma yake, angalia chini ya kitanda na ule ukuta unaopakana na bafu. Ukiona ukungu mweusi basi jibu umeshapata, usitoe hela maabara wakutajie jina lake, kazi yako ni kutafuta maji yanatokea wapi. Na kila utakachopima kuanzia hapa andika saa, dirisha liko wazi au limefungwa, nani anapika nini. Bila hiyo daftari baada ya wiki utakua na namba nyingi hujui zinasema nini.

HATUA YA PILI, kaboni monoksaidi. Naiweka mapema kwa sababu hii inaua, nyingine zote tunaweza kubishana taratibu. Haina harufu haina rangi, na mkaa uliokolea vizuri usiotoa moshi hata kidogo ndo unaotudanganya, tunaona "umeshaiva hauna madhara" tunauingiza ndani.

Nunua alamu yenye kioo cha namba. Zile zisizo na kioo zimetengenezwa zilie ukiwa kwenye hatari ya karibu tu: kwa kiwango cha Ulaya (tafuta EN 50291 kwenye boksi) ikiwa 50 ppm (yaani sehemu 50 za gesi kwenye sehemu milioni za hewa) inasubiri dakika 60 mpaka 90 ndo ilie, 100 ppm inasubiri dakika 10 mpaka 40, 300 ppm inalia ndani ya dakika 3. Kwa hiyo unaweza kukaa na 40 usiku kucha alamu imekaa kimya kama imeenda likizo, wakati mwongozo wa WHO kwa saa nzima ni kama 30 ppm na kwa siku nzima ni chini ya 4. Itundike chumba cha kulala, usawa wa kichwa ulivyo kitandani, msibishane sana juu au chini, uzito wa hii gesi unakaribiana na wa hewa. Angalia na tarehe ya kuisha nyuma yake, sensa inachoka (sensa hii sio ya watu na makazi).

Na tafadhali sana, usijaribu kwa kuwasha jiko ukajifungia nalo uone itakuaje. Mimi yule jamaa nilimwambia alale kwangu, alamu nikaiacha chumbani kwake, mimi nikakaa barazani naingia nasoma natoka. Saa tatu usiku 0. Saa nne 0. Saa nne na nusu mvua ikaanza, yule mama wa chumba cha mbele akaingiza jiko lake la mkaa koridoni, maharage juu, majivu yamefunika moto ili yaive polepole mpaka asubuhi. Saa tano 38. Saa tano na nusu 58. Saa saba kasorobo ikalia mpaka mbwa wa jirani wakaitika. Tukatoa jiko, tukafungua mlango wa mbele na wa uani, ndani ya dakika ishirini ikashuka mpaka 6. Mama wa watu alitetemeka, na yeye kilichomsaidia siku zote ni kwamba dirisha lake halifungi vizuri, alishatulalamikia tulirekebishe.

HATUA YA TATU, unyevu. Kile kipimo kidogo cha unyevunyevu na joto ni bei rahisi lakini vingi vinadanganya, kwa hiyo kipime chenyewe kwanza. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji iwe kama matope isielee, weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofunga kabisa, acha usiku mzima. Asubuhi kinatakiwa kisome asilimia 75. Changu kilisoma 69, nikaandika kwa kalamu mgongoni "ongeza 6", maisha yakaendelea.

Vitabu vya Wamarekani vinasema ndani iwe 30 mpaka 50, ukizidi sana usivuke 60. Sisi wa pwani nje penyewe masika ni 80 na kitu, hizo 50 utazipata kwa AC tu. Angalia tofauti. Kama nje 82 na chumba kimoja ni 83 kingine 92, hicho cha 92 kina maji yanayoingia.

Sasa kujua yanaingilia wapi: kata karatasi ya nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, acha siku mbili. Maji yakiwa upande wa ukutani basi ukuta ndo unatoa maji, yakiwa upande wako ni mvuke wa chumbani. Kwetu yalikua upande wa ukutani, na hapa nina hasira kidogo. Mawe ya matumbawe yanafyonza maji kutoka chini na chokaa ilikua inayaachia polepole yakauke. Fundi wetu akaibandua chokaa ya babu, akapiga plasta ya saruji na rangi ya kung'aa juu. Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda, sasa rangi inavimba kama andazi na chumvi nyeupe inamwagika chini kila siku. Tumelipia mara mbili kitu ambacho kilikua kizima.

HATUA YA NNE, kaboni dayoksaidi. Hii sio ile ya mkaa, hii ni pumzi yetu wenyewe, na kazi yake hapa ni kukuonyesha hewa inabadilishwa au tunarudishiana. Nje ni kama 420 ppm hivi, mjini ikapanda kidogo. Ndani watu wengi wanachukua 1,000 kama alama ya kwamba hewa haizunguki. Kuwa makini na vifaa vya bei poa vinavyodai kupima kila kitu, vingi havipimi hii gesi, vinakisia kutokana na harufu. Jaribio: puliza pafyumu karibu yake. Namba ikiruka elfu mbili umeuziwa mkisiaji, kipimo halisi (tafuta herufi NDIR) hakishtuki. Chumba cha yule jamaa kimefungwa kila kitu usiku: 2,150 alfajiri. Tukazibua matundu mawili tu juu ya dirisha tukaweka wavu wa mbu: 880.

HATUA YA TANO, vumbi laini, PM2.5. WHO tangu 2021 wanasema wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Kipimo kinatumia mwanga wa leza kuhesabu chembe, na kina ugonjwa wake, mvuke na ukungu wa asubuhi kinauhesabu kama vumbi, kwa hiyo usikiweke karibu na sufuria ya wali wala usikiamini sana unyevu ukipita 85. Acha siku tatu angalau. Kwetu nje 18, koridoni 24, mama mdogo alipofukiza udi Ijumaa ikapanda mpaka 460, nikamwonyesha, akaniambia na wewe zima hicho kidude.

Vitu viwili usipime mwenyewe. Bati za asbesto (zile za kijivu nene zenye mawimbi, zinavunjika kama kigae) usikate kipande "cha sampuli", usizisugue kwa brashi, usizitoboe, zikiwa nzima ziache mpaka umpate mtaalamu. Na rangi ya mafuta ya zamani inayobanduka, usiipige msasa mkavu, inaweza kuwa na madini ya risasi na lile vumbi watoto wanalilamba vidoleni. Futa kwa kitambaa cha maji, kipande kilichodondoka chenyewe peleka maabara.

MASWALI

Mama_Zai: Asante kwa somo mwanangu. Sasa udi na ubani ndo niache? Na dawa ya mbu ya kuchoma?

Jibu: Shikamoo mama. Udi sijasema uache, mie mwenyewe siwezi kuingia nyumba ya Ijumaa haina udi. Fukiza dirisha likiwa wazi, toka na watoto robo saa, rudi harufu ipo moshi haupo. Ile dawa ya mbu ndo mbaya zaidi kwa sababu inawaka usiku kucha umelala pembeni yake, bora chandarua.

kijana_wa_chuda: mkuu kuna app ya bure kwenye simu inanionyesha hewa ya chumbani ni nzuri, ya nini ninunue vifaa

Jibu: Simu yako haina pua mgosi. Hiyo app inachukua taarifa za kituo au makadirio ya eneo zima, ukiwa chumbani na ukiwa sokoni inakupa namba ileile. Jaribu.

bin_kibokoni: Salamu kutoka Mombasa. Sisi twakaa Mji wa Kale ghorofa ya kwanza, chumba tumetia AC mpya, lakini hiyo dayoksaidi bado yapanda hadi 1,900. AC mbovu?

Jibu: AC nzima kabisa. Hizo za kutundika ukutani zinazungusha hewa ileile ya chumbani na kuipoza, haziingizi ya nje. Acha upenyo mdogo wa dirisha au fungua dakika kumi kabla ya kulala na usiku ukiamka. Bili itapanda kidogo ndio. Na kama jirani anawasha jenereta kwenye kichochoro chenu umeme ukikatika, hapo funga dirisha la upande huo na uangalie alamu ya monoksaidi.

mkongo_wa_iowa: Mimi niko Marekani, Iowa, tumenunua nyumba ya 1924 iko na besimenti, watoto wanalala huko chini. Watu wananiambia nipime radoni, ni kitu gani hiyo?

Jibu: Kaka wamekwambia kweli, na wewe ningekuweka mbele ya wote hapa. Radoni ni gesi inatoka ardhini madini ya urani yanapovunjika yenyewe polepole kwenye udongo na miamba, inapita kwenye nyufa za sakafu inajikusanya chini. Haina harufu, haiumizi kichwa, inaleta saratani ya mapafu polepole, EPA (shirika la mazingira la huko) inakadiria vifo kama 21,000 kwa mwaka nchini kwenu, na Iowa nzima wameiweka kwenye kundi la juu la hatari. Kipimo chake ni kikopo cha mkaa maalumu. Weka besimenti hukohuko watoto wanakolala, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, mbali na bafu na jiko. Kwako ni kinyume na sisi, funga madirisha kwa muda wa masaa 12 kabla na muda wote wa kupima, siku mbili au zaidi kama maelekezo yake, kisha posti maabara siku hiyohiyo. Ikija 4 pCi/L (ndo kizio wanachopimia radoni huko) au zaidi rudia kipimo, ikithibitika kuna mafundi wanaweka bomba na feni linalovuta hewa chini ya sakafu na kuitupa juu ya paa. Nyumba ya 1924 pia chukulia rangi yake ina risasi mpaka upimaji uthibitishe vingine, huko waliipiga marufuku majumbani 1978.

Mzee_Makorora: Nyie vijana mnatisha watu. Bibi zetu wamepikia mkaa na kuni ndani miaka yote, mbona hawakufa?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Bibi alipikia chini ya makuti, moshi ulikua unatokea juu kila mahali, na matundu ya dirisha yalikua wazi. Jipsamu na alumini tumeweka sisi wajukuu. Hata hivyo macho ya bibi yalikua mekundu siku zote na kikohozi hakikumwachia, tukawa tunasema ni uzee.

Mama_Zai: Na yule mama wa maharage mmemfukuza?

Jibu: Hapana mama, yupo. Siku hizi anayachemsha uani saa kumi jioni nusu saa hivi yatokote sawasawa, kisha sufuria na mfuniko wake anaitumbukiza kwenye kikapu alichotandika blanketi kuukuu, anafunika na mto juu. Saa mbili usiku anayarudisha motoni dakika kumi anaweka nazi. Wiki iliyopita kaniletea bakuli.