Usiwakariri Wamarekani: namna ya kuishi na liberali na mhafidhina mtaa mmoja

Hii naiandika kwa ajili yenu ndugu zangu mlioingia Marekani juzi juzi na mnaojiandaa kuja, na hata wewe uliyeko Dar au Mombasa unayebishana kuhusu Trump usiku kucha kwenye grupu la WhatsApp. Nina miaka tisa hapa Ohio, nimebeba boksi zamu ya usiku, nimeendesha magari ya kupeleka wazee hospitali, nimesali na watu wa kila aina, na kitu kimoja nimekiona kwa macho yangu: mgeni akifika hapa, mwezi hauishi ameshachukua chuki ya mtu mwingine kaifanya yake. Ukianza kazi kwenye watu wa upande huu utaambiwa wale wengine ni wabaguzi, washamba, hawajasoma, wanalala na bunduki. Ukianzia upande ule utaambiwa hawa hawana Mungu, hawapendi nchi yao, wanataka kuwaharibia watoto wako shuleni. Na wewe unakariri. Kwetu tunasema usikariri maisha, basi na watu usiwakariri.

Haya tuanze na maneno, maana wengi wanagombana bila kujua wanaongelea nini. Liberali kwa hapa ni mtu anayetaka serikali iingie zaidi kusaidia watu, bima ya afya, shule, mazingira, alafu kwenye mambo binafsi kama utoaji mimba na ndoa za jinsia moja anataka mtu aachwe aamue mwenyewe. Mhafidhina anataka serikali ndogo, kodi ndogo, dini na familia ya asili ziheshimiwe, na haki ya kumiliki bunduki isiguswe. Wa kwanza wengi wako Democratic, wa pili wengi wako Republican, lakini chama na mawazo sio kitu kimoja, na Gallup, shirika la kura za maoni, wakiwauliza watu wako chama gani, kwa miaka mingi sasa kama wanne kati ya kumi wanajibu hawana chama. Rangi nazo zinachanganya. Kwingi duniani nyekundu ni ya wajamaa, hapa nyekundu ni Republican na buluu ni Democratic, na wala sio jambo la zamani, ilikaa hivyo kuanzia uchaguzi wa 2000 wa Bush na Gore, ule uliogombaniwa kama wiki tano kwa sababu ya kura za Florida na mwishowe tofauti ikawa kura 537. Kabla ya hapo kila kituo cha TV kilikuwa kinapaka rangi kinavyotaka.

Na vyama vyenyewe vimehama. Republican kilizaliwa 1854 na watu waliopinga utumwa usisambae, ndo chama cha Lincoln. Wazungu wa Kusini walikuwa Democratic kwa vizazi. Alafu rais Lyndon Johnson, Mdemokrat wa Texas, akasaini sheria ya haki za raia 1964 na ya haki ya kupiga kura 1965, na Kusini ikaanza kuhama taratibu kwenda upande wa pili. Kwa hiyo mtu akikwambia chama fulani siku zote kilikuwa hivi, muulize mwaka gani.

Sasa kazi yenyewe. Chukua karatasi, sio simu, karatasi. Gawa katikati. Upande mmoja andika kila unachoamini kuhusu liberali, upande wa pili kila unachoamini kuhusu mhafidhina. Anavaa nini, anaendesha gari gani, anasali wapi, ana hela kiasi gani, anakuonaje wewe mweusi mwenye lafudhi. Andika haraka bila kujisafisha. Ukimaliza, mbele ya kila mstari andika umekitoa wapi: nimeona mwenyewe, nimeambiwa kazini, nimeona kwenye video. Mimi nilipofanya hivi nilikuwa na mistari kumi na saba, na niliyoiona kwa macho ilikuwa mitatu tu. Kumi na nne nilikuwa nimepewa.

Na usidhani ni sisi wageni tu. Watafiti wawili, Ahler na Sood, walitoa utafiti 2018, waliwauliza Wamarekani wenyewe wakadirie watu wa vyama vyao wakoje. Watu wakakadiria kwamba karibu 38 kwa mia ya Warepublican wanapata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, ukweli ni kama 2 kwa mia. Wakakadiria karibu theluthi ya Wademokrat ni mashoga, wasagaji au watu wanaopenda jinsia zote mbili, ukweli ni kama 6 kwa mia. Yaani wenye nchi yao, waliozaliwa hapa, wamekaririshana kiasi hicho. Mwaka 2004 kulikuwa na tangazo la TV la kumpinga Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont aliyekuwa anatafuta urais, likawataja watu wake kwa kahawa ya latte, sushi na gari la Volvo. Kahawa! Na upande wa pili usiuone msafi, 2008 Obama alisema watu wa miji midogo iliyopoteza kazi wana uchungu wanang'ang'ania bunduki na dini, na 2016 Hillary Clinton akawaweka nusu ya wafuasi wa Trump kwenye kapu moja la watu wa hovyo. Hayo maneno watu hawajayasahau mpaka leo, nimeyasikia yakirudiwa kwenye foleni ya kubadilisha oili, na aliyekuwa anayarudia hakuwa na hasira, alikuwa ameumia.

Kitu cha tatu, usiamini ramani. Utaona California imepakwa buluu yote na Texas nyekundu yote, kichwani unajenga nchi mbili. Uchaguzi wa 2020 Trump alipata kura nyingi zaidi California kuliko Texas, zaidi ya milioni 6. Na Biden alipata kura nyingi Texas kuliko New York. Soma tena hiyo sentensi pole pole. Jimbo linapakwa rangi ya aliyeshinda, walioshindwa wanafutika, ila wapo, ndo hao unapanda nao lifti.

Hapa ndo penye utajiri wenyewe: usimfungashe mtu vifurushi. Tunadhani mtu akiwa na bunduki basi anapinga bima ya afya, akienda kanisani basi ni wa Trump. Florida 2020 walimpa Trump jimbo, na siku hiyo hiyo, karatasi hiyo hiyo ya kura, wakapitisha kima cha chini cha mshahara kipandishwe hadi dola 15 kwa saa, kwa kama 61 kwa mia, jambo la kiliberali kabisa. California 2008 walimpa Obama ushindi mkubwa na siku hiyo hiyo wakapiga kura kuzuia ndoa za jinsia moja. Kansas, jimbo la wahafidhina haswa, Agosti 2022 walikataa kuondoa haki ya kutoa mimba kwenye katiba yao, kwa kama 59 kwa mia. Vermont ndo jimbo la seneta Bernie Sanders mjamaa, na ni jimbo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na sheria nyepesi za bunduki kuliko karibu kote, wawindaji watupu.

Alafu jitazame wewe mwenyewe. Wengi wetu tuliotoka Tanzania, Kenya, Kongo, tunapinga utoaji mimba, tunataka watoto waheshimu wakubwa, jumapili hatukosi kanisani au ijumaa msikitini, sasa huyo si mhafidhina? Lakini hao hao tunataka mlango wa wahamiaji ubaki wazi, tunataka Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa mama aliyekuja juzi, tunaogopa polisi akisimamisha gari. Tupo kwenye kifurushi gani? Na lotari ya grini kadi iliyowaleta wengi wetu imetokana na sheria ya 1990 aliyoisaini Bush mzee, Mrepublican. PEPFAR, mpango uliowapa dawa za ARV ndugu zetu wengi kule nyumbani, ulianzishwa 2003 na Bush mtoto, na wakristo wahafidhina waliusukuma kwa nguvu. Shangazi yangu anameza dawa hizo mpaka leo. Na serikali ya Trump ndo iliyoivunja USAID, shirika la misaada la Marekani, 2025, chama hicho hicho. Yote ni kweli kwa pamoja, usichague moja ukaficha lingine.

Kuongea nao sasa. Usiulize "kwa nini unamuunga mkono fulani", hapa swali la kwa nini linasikika kama mashtaka, mtu anajifunga mkanda. Uliza "ulianza lini kuona hivyo" au "nyumbani kwenu walikuwa wanaonaje". Hapo mtu anakupa hadithi, na hadithi haina ubishi. Mzee mmoja niliyekuwa nampeleka dialisisi mara tatu kwa wiki, kofia yake nyekundu ya Trump hajawahi kuivua, nilimuuliza hivyo mwezi wa pili wa safari zetu. Akaniambia kuhusu kiwanda cha vioo alichofanyia kazi na baba yake na kilivyofungwa, na siku aliyokuta geti lina mnyororo na chupa yake ya chai iko ndani. Hakutaja mhamiaji hata mmoja. Alikuwa bado anaiwaza ile chupa.

Ukishasikiliza, rudia ulichosikia kwa maneno yako umuulize kama umempata, kabla ya kusema lako. Na ukisema lako anza na "mimi yalinikuta", usianze na "nyinyi watu".

Kama mna kanisa, msikiti au chama cha jumuiya, fanyeni zoezi hili la pamoja. Kuna shirika linaitwa Braver Angels, lilianza Desemba 2016 hapa hapa Ohio, mji wa South Lebanon, watu 10 wa Trump na 11 wa Clinton wakakaa chumba kimoja, na utaratibu wao ulipangwa na Bill Doherty, mshauri wa ndoa na familia kutoka Minnesota, kwa hiyo ukiona linafanana na kusuluhisha mke na mume ndo sababu. Liko hivi: wekundu vyumba vyao, buluu vyao. Kila kundi linaandika mambo manne au matano wanayodhani upande wa pili unawakariri nayo. Alafu kwa kila moja: ukweli ukoje? Na swali la mwisho gumu kuliko yote: kuna chembe ya ukweli humo? Mnarudi, mnasomeana, hakuna kujibishana.

Sisi tulifanya na usharika wa Wamarekani wanaotuachia ukumbi jumapili mchana. Chai ya rangi, maandazi, karatasi kubwa ukutani. Buluu waliandika namba moja "wanadhani hatumwamini Mungu", na aliyesimama kusoma ni mama mwalimu mstaafu aliyefundisha sunday school hapo hapo tangu watoto wake wadogo. Wekundu wakaandika namba moja "wanadhani sisi ni wabaguzi". Walipofika kwenye chembe ya ukweli, jamaa mmoja fundi wa gia boksi alishika ile kalamu muda mrefu, akaandika "tunacheka utani ambao tungepaswa kuukataa". Akakaa chini. Buluu nao waliandika "tunawadharau wasiosoma chuo". Mtu mmoja aliondoka katikati, alikunja karatasi yake akatoka hakurudi, sitaki kukudanganya kwamba wote walikumbatiana.

Nikiwa pale nikawa nawaza utani wetu. Mnyamwezi na Mzaramo wanaambiana usoni maneno ambayo hapa yangefikishana mahakamani, na hakuna anayeumia, kwa sababu kesho kukiwa na msiba mtani ndo anafika wa kwanza, anafanya vituko mpaka waliofiwa wanacheka, na kazi za mazishi anazishika. Dhana zipo, ila zina msiba wa kuzisafisha. Hawa wenzetu wamebaki na maneno bila msiba. Mwaka 1960 walipoulizwa kama wangekasirika mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine, kama 5 tu kwa mia walisema ndio. Kufika 2010 ilikuwa karibu nusu ya Warepublican na theluthi ya Wademokrat. Wamehamiana mbali, hawazikani. Kwa hiyo wewe mgeni nenda kwenye misiba yao, pande zote. Hapa mialiko haipigiwi simu, tangazo linawekwa, unavaa nguo nyeusi unaenda, unabeba chakula kwenye foili.

Mambo ya tahadhari nayapitia haraka. Kazini usianzishe siasa wewe, subiri uanzishiwe, na hata hapo sikiliza zaidi. Mtu anayekutukana kwa rangi au kukutishia huyo hakaririwi, huyo amejionyesha, ondoka na mripoti, kutokukariri sio kukubali kuonewa. Tofauti za kweli zipo pia, mambo ya kufukuza wahamiaji yanagusa watoto wetu, huna haja ya kujifanya ni sawa tu. Na hili lishike sana: kama huna uraia, ukienda DMV kuchukua leseni wakakuuliza unataka kujiandikisha kupiga kura, sema hapana, hata kama karani anakuharakisha, kwa sababu kujiandikisha au kupiga kura bila uraia kunaweza kukuharibia makaratasi yote na kukurudisha nyumbani, na liberali wala mhafidhina hatakuokoa hapo.

Ile karatasi yako yenye mistari usiitupe. Ibandike ndani ya mlango wa kabati, kila baada ya miezi mitatu ifungue, futa ulioona sio, acha ulioona ndio, ongeza jina la mtu mbele yake. Yangu sasa hivi ina majina ishirini na mbili, na la mzee wa dialisisi nimeliwekea msalaba mdogo, tulimzika mwezi wa tatu, na fundi wa gia boksi na yule mwalimu walibeba jeneza pamoja upande wa kushoto.