SOMO: Kufuatilia viota vya ndege msimu wa mvua hapa Dodoma (someni kabla hamjaniuliza tena)

Naandika mara moja tu, kila mvua zikianza inbox inajaa maswali yaleyale. Huku mvua ni moja, Desemba mpaka Aprili hivi, wadudu wamejaa, ndo ndege wadogo wengi wanajenga.

1. Beba daftari, penseli (wino ukilowa utalia) na darubini.

2. Usipekue vichaka. Kaa mbali, ukiona ndege kabeba nyasi au mdudu mfuate kwa macho.

3. Anapojenga au anapotaga usisogee, hapo anasusa kirahisi.

4. Akishaatamia pita kila siku tatu nne, akiwa ametoka mwenyewe, chungulia sekunde chache uondoke. Mvua ikinyesha acha. Na usiishie kwenye kiota halafu ukarudi ulikotoka, pitiliza, nguchiro hawashindwi kufuata kanjia ulikolaza majani.

5. KUJUA SIKU YA KUACHA. Hapa niliharibu. Nilikuwa na shorewanda kichakani huko Iyumbu, makinda watatu, nawafuatilia vizuri tu, nikaenda msibani Kondoa, kurudi sikuhesabu siku nikaingiza kichwa kama kawaida, wote watatu wakaruka nje na kuruka kwenyewe hawajui. Wawili niliwarudisha nikawafunika na kofia mpaka wakatulia, wa tatu nilitafuta mpaka jua linazama sikumwona. Kwa hiyo andika siku walioanguliwa, kwa shorewanda ikifika ya nane mimi sisogei tena, ni darubini tu. Kama tarehe huna, angalia dalili: macho wazi, manyoya yanachanua, na ukifika badala ya kupanua midomo wanajibanza kimya. Ukiona kujibanza RUDI NYUMA, usipige hata picha.

MASWALI

Mzee wa Nzuguni: Mkuu nimeona kiota, nichungulie kila asubuhi?
— Namba 4.

Mzee wa Nzuguni: Ila mimi nakaa jirani kabisa
— Nguchiro naye anakaa jirani. Namba 4.

Binti Hombolo: Shikamoo kaka. Bibi anasema ukimgusa kinda mama yake anasikia harufu ya mtu anamkimbia, ni kweli?
— Marahaba mdogo wangu. Harufu siyo shida kwa ndege hawa, kinda asiye na manyoya akianguka mrudishe tu, mama atalisha. Kinachowakimbiza ni usumbufu. Ila bibi usimbishie sana, maneno yake yamewaokoa makinda wengi mikononi mwa watoto.

Binti Hombolo: Asante. Na wale mnana kwenye mgunga, mbona viota vingi vitupu?
— Swali zuri! Dume anajenga kadhaa, jike anakagua, asipokipenda hakai. Kikikauka bila mwenyewe dume anakibomoa anaanza upya na majani mabichi. Kwa hiyo usihesabu viota ukasema umehesabu familia.

Fundi Pikipiki: Nataka kinda mmoja nifuge
— Hapana. Ndege wa porini ni kibali, na hili somo siyo la kufuga.

Fundi Pikipiki: Poa mkuu usikasirike. Kwa vya juu fungeni saiti mira ya bodaboda kwenye fito, unaona ndani bila kupanda
— Hiyo nimeipenda. Ya zamani unauzaje?

Fundi Pikipiki: Njoo na fito yako, kioo bure. Ila vaa buti, miiba ya mgunga inapita kwenye ndala
— Najua, mguu wa kushoto bado una mmoja.