Ukishachoka kushindana na Mungu: namna ya kuanza kuamini kwa kweli

Wengi wetu hapa Mwanza tunaijua Injili. Tumebatizwa utotoni, nyimbo za kwaya tunazo kichwani, na spika za mikutano ya injili hutufuata mpaka kitandani. Mtu amekaza tu. Akiambiwa habari za wokovu anajibu "nitakuja", na miaka inakatika. Yafuatayo ni ya huyo, siku akiamua kulegeza.

Usianze na maombi marefu. Anza na karatasi. Andika juu: "Sitaki kumfuata Kristo kwa sababu…" kisha orodhesha bila kupamba. Sababu za mwanzo huwa za mdomoni: wachungaji wanapenda hela, makanisa yamezidi, walokole wanafiki. Zina ukweli wake, lakini endelea kuandika. Ile yenyewe imekaa chini. Ni mtoto aliyefariki huku kanisa zima limefunga na kuomba, ni mchepuko, ni ugomvi wa shamba na kaka yako, ni kile kilichofungwa kwenye kitambaa juu ya mlango. Ukiifikia utaitambua, maana mkono utasita kuiandika.

Dawa inategemea umeandika nini. Aliyefiwa na kumkasirikia Mungu asilazimishwe kusema "Bwana ametoa, Bwana ametwaa" kabla hajalia. Asome Zaburi ya 13, halafu ya 88 inayoishia gizani bila jibu, na aseme hasira yake kwa maneno yaleyale aliyonayo. Hilo ni ombi halali. Aliyeumizwa na kiongozi wa dini anaweza kutafuta usharika mwingine. Kumrudia Mungu si lazima kupitie mlango uleule. Aliyebana dhambi fulani asijidanganye kwamba ana maswali ya kielimu. Mwenye maswali kweli atafute mtu wa kujibizana naye, si wa kumkemea.

Wote wasome Injili ya Marko. Ina sura 16, kwa hiyo sura moja kwa siku inamalizika katika wiki mbili na siku mbili. Biblia ya Union Version ndiyo tuliyoizoea masikioni, ila kama Kiswahili chake kinakukwamisha chukua Habari Njema. Soma kwa sauti. Kwa mvuvi wa dagaa, wakati wa kusoma ni alasiri kabla ya kuingia ziwani. Asubuhi umetoka na taa usiku kucha, utasinzia mstari wa tatu. Siku za mbalamwezi mitumbwi ikiwa nchi kavu ndizo za kukaa na mwinjilisti au katekista kwa mafundisho marefu.

Kila ukimaliza sura, omba dakika tano tu, na usiseme usichomaanisha. Maombi mawili mafupi yanatosha kuanzia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na lile la mtoza ushuru katika Luka 18:13. Kama hujamsamehe mtu, mwambie Mungu kwamba hujamsamehe na hutaki. Huo ugumu ulioutaja tayari umeanza kutubiwa.

Ukifika mahali pa kukubali, mwamini Kristo na utubu mbele ya shahidi mmoja mnayeaminiana. Usingoje kutetemeka wala kulia. Wengine hulia, wengine hawasikii kitu. Hapa ndipo mikutano ya uwanjani inapovuja: mtu ananyoosha mkono, anaongozwa sala, anapigiwa makofi, kesho hakuna anayejua anakaa Igoma au Kirumba. Kabla hujaondoka uwanjani uliza, "Nani atanitembelea wiki hii, siku gani?" Usipopata jibu, mtafute mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya wa mtaani kwako mwenyewe. Mkatoliki aliyebatizwa harudii ubatizo. Anakwenda kwenye kitubio, na kama ndoa haijafungwa anazungumza na padri. AIC (Africa Inland Church) na KKKT (Walutheri) wana darasa la mafundisho. Kwa Wapentekoste utazamishwa kwenye maji mengi, mara nyingi ziwani. Ziwa letu lina kichocho, hasa penye matete na maji yaliyotulia, kwa hiyo baada ya wiki sita hadi nane kapime. (Mvuvi alipaswa kuwa amepima zamani.)

Kisha kutengeneza, na hapa wengi hurudi nyuma. Zakayo hakuishia kushuka mtini. Aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Kama sado yako, lile kopo la kupimia dagaa, umeibonyeza kitako ili ijae haraka, itupe, usimuuzie mwenzako. Kama nyavu ulizonazo ni za wizi, zirudishe ukiwa na mzee wa kanisa, maana kesi inaweza kufuata na hutakiwi kuwa peke yako. Deni la tajiri wa mtumbwi liandike na mpange namna ya kulipa. Mambo ya unyumba yasitangazwe kwenye kipaza sauti. Mwone mchungaji faragha kwanza. Mwenye wake wawili asimfukuze mtu na watoto kwa jazba ya wiki ya kwanza. Makanisa yanatofautiana hapa, lakini hakuna linalokuruhusu kutelekeza.

Hirizi na dawa za mganga ziharibiwe na mwenyewe. Wale wa Efeso katika Matendo 19 walichoma vitabu vyao wenyewe. Vitu vya ukoo si vyako kuvichoma. Wala huhitaji kuacha Usukuma: pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ngoma zimekaa karibu na kanisa miaka mingi. Unachoacha ni kuwategemea masamva (mizimu ya mababu) na mganga kwa ulinzi. Na wiki hiyohiyo ukishikwa na homa, ndugu watasema mababu wamekasirika. Nenda zahanati upime malaria.

Usiache dawa zozote kwa sababu umeombewa. ARV, dawa ya kifua kikuu, ya presha, ya sukari, zote endelea nazo mpaka daktari aseme. Anayekwambia imani yako itapimwa kwa kuziacha, mkimbie. Vivyo hivyo anayeweka bei kwenye maombi, maji au mafuta. Sadaka unatoa kwa hiari, na neema haina risiti.

Baada ya wiki kadhaa moto utapoa. Hilo ni la kawaida, halina maana kwamba ulijidanganya. Punguza, usikate: mistari kumi badala ya sura, ombi la dakika mbili, ila jumuiya au ibada ya nyumbani usiikose hata ukiwa umenuna. Anayejitenga ndiye ukaidi humrudia kwanza, na hurudi na sababu zilezile za kwenye karatasi. Kwa hiyo usiitupe. Ipitie na shahidi wako kila mwezi, mkikata zilizoisha.

Ukihamia kambi ya visiwani, iwe Ukerewe au Kome, omba barua ya utambulisho kabla ya kupanda boti, na uifikishe kanisani Jumapili ya kwanza.