Namna ya Kuishi kwa Kufinyanga Sanamu Ndogo nchini Uganda

Anayetaka kujulikana kwa sanamu ndogo za udongo na achague kwanza watu wake: wauza ndizi, wapiga ngoma, mwendesha bodaboda na abiria wake, maadamu ni watu anaowaona kila siku na anajua jinsi wanavyosimama. Wanunuzi humtambua msanii kwa sura zinazorudi katika hali mbalimbali, kwa hiyo ni afadhali kukaa na kundi moja mwaka mzima kuliko kuhamia twiga na kesho kifaru kwa sababu mtalii fulani ameuliza.

Kazi hii ina mizizi hapa kwetu. Kichwa cha Luzira, yaani kichwa cha sanamu ya kale kilichofukuliwa Luzira, Kampala, mwaka 1929 na sasa kimehifadhiwa British Museum, London, ni udongo uliochomwa, na anayeanza atafaidika akizitazama picha zake kwa utulivu.

Udongo wa Kajjansi, mji ulio kati ya Kampala na Entebbe, ambako matofali na vigae vimetengenezwa kwa miaka mingi, unajulikana sana, lakini hata udongo wa bondeni unafaa ukichujwa, ukakandwa vizuri na kuchanganywa na unga wa vigae vilivyosagwa. Upime kwanza: chora mstari wa sentimita 10 juu ya kipande kibichi, kisha upime tena baada ya kukichoma. Ukikuta sentimita 9, sanamu ya sentimita 30 itatoka na 27.

Sehemu inayowashinda wengi ni kukausha. Sanamu nene hufinyangwa ikiwa nzima, kisha ikishakuwa ngumu kiasi cha kutobonyea kwa kidole, lakini bado inakatika, hukatwa kwa waya na kukombwa ndani mpaka ukuta ubaki na unene wa takriban sentimita 1. Kingo zikwaruzwe, zipakwe rojo la udongo uleule na kuunganishwa, halafu litobolewe tundu dogo chini ya kikalio ili hewa ipite. Mikono na vidole hukauka kabla ya kiwiliwili na kupasuka penye kiungo. Vifunge kwa kitambaa chenye unyevu, na katika mvua za Machi hadi Mei usiharakishe hata kidogo.

Katika tanuri, pandisha joto polepole. Maji yaliyosalia hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100 za Selsiasi na huweza kuipasua sanamu, na kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga hutanuka ghafla, nazo husinyaa hapohapo wakati wa kupoa. Kwa hiyo usifungue mlango mapema. Udongo mwekundu wa kawaida huiva vyema kati ya nyuzi 900 na 1,000.

Tia alama yako chini ya kila sanamu kabla haijakauka, na uandike daftarini tarehe, udongo na bei. Bei ibebe kuni au umeme, saa zako, na zile zilizovunjika tanurini. Soko la kazi za mikono nyuma ya National Theatre, ukumbi wa maonyesho wa taifa mjini Kampala, huleta fedha za haraka. Nommo Gallery, jumba la sanaa la Nakasero, Kampala, lililofunguliwa mwaka 1964, ni mahali pa kupeleka kundi lililokamilika, si kipande kimoja kimoja. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda sanamu zako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hata hivyo, piga picha kila sanamu pande zote na uihifadhi kabla ya kumkabidhi mtu yeyote kalibu yake, yaani umbo la kutolea nakala za sanamu hiyo.